Fainali Tuliyokataa Kuicheza

Siku niliyokabidhi funguo za chumba cha vifaa, vijana wa timu waliniandalia chai na mahamri. Baada ya dua na hotuba, ambazo zilikuwa ndefu kuliko mechi kadhaa nilizowahi kuzisimamia, mshambuliaji wetu mmoja aliniuliza jambo lililokuwa likimnyima usingizi. Timu mbili za Mombasa zinamtaka. Moja inalipa vizuri lakini haijawahi kushinda chochote. Ya pili ina makombe hadi dirishani, lakini malipo yake hutegemea tajiri ameamkaje. Aende wapi? Wenzake wakaanza kubishana, nusu wakisema pesa na nusu wakisema kombe, na chai ikapoa. Nikamwambia nitamjibu kwa kuandika, maana jibu langu lina watu ndani yake na watu hao wanastahili kutajwa kwa utulivu. Naandika kwa ajili yake, na kwa ajili yenu wengine mnaobaki na mipira, vipenga na magoti ya watu.

Nilikuja Amu, yaani Lamu mjini, kutoka Faza miaka ya hamsini ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Mwajiri wangu, Bwana Nassor, alikuwa mfanyabiashara wa boriti, yaani miti ya mikoko iliyokatwa kwenye vijito vya visiwani, ikapangwa pwani kwa unene na urefu, ikangoja vyombo vya kuipeleka Arabuni. Kazi ya kuibeba ilikuwa nzito, lakini wenye mabega walikuwa wengi kuliko kazi, kwa hiyo Bwana Nassor aliweza kuchagua. Akachagua wanaojua mpira. Asubuhi tulibeba, alasiri tulicheza, na ujira ulikuwa mmoja. Kwenye karatasi zake mimi, golikipa wake, nilikuwa mpangaji wa boriti. Hakuna aliyetuita wachezaji wa kulipwa, na tungeitwa hivyo tungecheka. Hata hivyo kila mtu alielewa kwamba golikipa anayefungwa ovyo hatadumu ghalani, hata akizipanga boriti zikanyooka kama safu za sala.

Mwalimu wetu alikuwa Bwana Famau, mshonaji wa makubadhi, mtu mwembamba mwenye vidole vigumu kama pembe. Alifundisha timu ya Bwana Nassor tangu baada ya vita, na viatu alivishona asubuhi. Siku yangu ya kwanza hakunipa mpira. Alinichukua hadi pale wanawake wanapofukia makumbi ya nazi kwenye tope ili yalainike wapate kusokota kamba, akaomba ruhusa kwao, akayafukua machache na kuanza kunitupia. Kumbi lililokaa topeni miezi linateleza kama samaki na linanuka kuliko samaki. Nilidaka, likaniponyoka, nikadaka tena. Wanawake walicheka mpaka wakaacha kazi. Bwana Famau hakucheka. Aliniambia nikiweza kulishika hilo, ngozi ya mpira nitaiona kama mto wa kulalia. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Wiyoni kwa Bi Mwanaisha, mjane mwenye pua kali, na kwa wiki nzima alinikatalia kuingia ndani kabla sijaoga uani.

Mpira wenyewe ulikuwa wa ngozi nzito, umefungwa kwa kamba kama kiatu, na ukiulowesha umande unakuwa na uzito wa kuumiza. Aliyeupiga kichwa upande wa kamba alitoka na alama kwenye paji ambayo mtu asiyejua angeidhani ni ya ibada. Bwana Famau aliutunza kwa mafuta ya papa, yale yanayopakwa mbao za mashua. Alidai yanailinda ngozi. Sisi tuliamini kuwa alipenda namna mabeki wa timu nyingine walivyokunja nyuso kila mpira ulipowakaribia. Nguzo za goli zilikuwa boriti, bila shaka, na wavu ulikuwa wavu chakavu wa papa, wenye matundu ambayo mpira ulipita watu wakabishana kama bao limeingia au limetoka. Aliniagiza nikague wavu mwenyewe kabla ya kila mechi, niyafunge matundu kwa mikono yangu. Nimelifanya hilo mpaka nilipostaafu, na nawasihi mlifanye. Refa anaweza kukosea. Tundu ni lako.

Pia alinifundisha kutomtazama mpigaji miguuni. Miguu ina hila, alisema, nitazame kiuno. Ilinichukua msimu mzima kuamini, kwa sababu kiuno cha mtu anayekukimbilia si kitu unachopenda kukitazama.

Sasa nimtaje Kombo. Alikuwa winga wetu wa kushoto, mtu wa Siyu, mfupi, mkimya, mwenye kukimbia viwiko vimebana mbavuni kana kwamba amebeba mayai kwapani. Akiwa na mpira mguuni, watu wazima waliokuja uwanjani kujadili bei ya samli walinyamaza. Mkewe, Bi Zena, alioka mikate ya mofa na kuiuza asubuhi. Walikaa na watoto wao wawili kwenye chumba cha nyuma ya ghala, chumba ambacho Bwana Nassor alimpa Kombo kama sehemu ya kazi. Watu walisema Kombo analipwa chumba kwa mguu wa kushoto na ujira kwa bega la kulia. Ulikuwa mzaha, lakini ulikaribia ukweli.

Kombe la visiwa lilikuwa likikaa Shela. Kila mwaka tulifika karibu nalo, kila mwaka watu wa Shela walirudi nalo kwao wakilipigia makofi pwani yote. Bwana Famau hakulizungumzia. Ila nilimwona mara moja, Shela wakilipitisha mbele yetu, akiligeuzia mgongo na kujishughulisha na kamba ya mpira ambayo ilikuwa imeshafungwa vizuri. Nikajua jinsi alivyolitaka.

Mwaka ninaousimulia tulikuwa na timu nzuri kuliko zote nilizochezea. Nusu fainali tulicheza na Matondoni, uwanjani kwetu Amu. Kabla ya mapumziko Kombo aliukimbilia mpira mrefu kando ya mstari, mguu wake wa kushoto ukaingia shimoni. Nilikuwa upande wa pili wa uwanja na niliusikia mfupa. Hakupiga kelele. Alikaa akautazama mguu wake kama mtu anayetazama kitu cha jirani. Wakati huo hakukuwa na wachezaji wa akiba, kwa hiyo tulimaliza tukiwa kumi, na tukashinda bao moja kwa bila, na tukashangilia kidogo sana. Mzee mmoja wa Langoni, mtaa wa timu yetu, aliyejua kuunga mifupa aliunyosha mguu, akaufunga kwa vibanzi vya makuti, akasema mtu huyu atatembea inshallah, ila kukimbia tusimwulize.

Bwana Nassor hakuwa mtu mbaya, na sitaki mmkumbuke hivyo. Siku za kwanza alituma mchele, sukari na kuku. Kisha nafasi ya Kombo ghalani akapewa mtu mwingine. Halafu Bi Zena akaambiwa kwa adabu kuwa huyo mtu mwingine naye ana familia, na chumba kinahitajika baada ya fainali. Wenye adabu hiyo hawakusema waende wapi.

Mimi ndiye niliyekuwa nahodha wa timu, kwa hiyo wenzangu walinituma. Bwana Nassor alinipokea nyumbani kwake, kwenye sebule yenye vidaka ukutani vilivyojaa sahani za kale za kichina. Kidaka cha katikati kilikuwa kitupu. Alikuwa ameondoa sahani zake ili kuliwekea kombe nafasi. Akanionyesha kwa furaha ya kweli, akaniuliza kama kimo kinatosha. Nikasema kinatosha. Kisha nikamweleza nililotumwa: Kombo abaki chumbani, na ujira wake uendelee mpaka asimame.

"Na asiposimama?" akauliza.

"Umpe kazi ya kukaa."

"Mimi huajiri watu wa kubeba, Lali. Siajiri watu wa kubebwa."

Alilisema bila hasira, kama anayetaja bei. Akaongeza kwamba Kombo hakuumia kazini, aliumia mchezoni. Nikamwuliza, ikiwa mchezo si kazi, golikipa aliyenitangulia aliachishwa ghalani kwa kosa gani, maana boriti zake zilipangwa vizuri na Shela ndio waliomfunga mabao mengi. Bwana Nassor akanywa kahawa yake yote kabla ya kujibu. Jibu lake lilikuwa ahadi: tukileta kombe, kila mmoja wetu atapata ujira maradufu mwezi ule na kanzu mpya. Kombo hakuwemo katika ahadi hiyo.

Nilipita kwa Kombo kumpa habari. Alikuwa amelala kitandani, mguu umeinuliwa juu ya gunia. Nilipomwambia kwamba timu inafikiria kutocheza fainali mpaka mambo yake yatengenezwe, alikasirika, na sikuwahi kumwona amekasirika. Alisema amelikimbilia kombe lile miaka yote, na sasa sisi tunataka jina lake liwe sababu ya kulikosa. Akanitaka niapie kwamba tutacheza. Bi Zena alikuwa mlangoni, mikono imejaa unga. Alimwacha mumewe amalize.

"Yeye ataka kombe," akaniambia. "Mimi nataka pa kumlaza. Tazameni wenyewe ni lipi linaloweza kungoja."

Sikuapa.

Tulikutana wote alasiri juu ya rundo la boriti. Wa kwanza kusema alikuwa Mahadhi, beki wetu, baba wa watoto wengi, na alisema maneno ya maana. Ujira maradufu kwake ulikuwa madeni kumalizika. Tushinde kwanza, alisema, Bwana Nassor afurahi, halafu tumwombe akiwa amefurahi. Tajiri mwenye furaha ni mwepesi. Wengi wakaitikia. Mimi mwenyewe nilianza kuona hiyo ndiyo njia nzuri.

Bwana Famau alikuwa amekaa chini akikata ukucha kwa kisu cha ngozi. Akauliza, bila kuinua kichwa, baada ya Bwana Nassor kuliweka kombe kidakani tutakuwa tumebaki na nini cha kumwambia nacho. Akaendelea:

"Mimi nalitaka kombe hili kuliko nyinyi nyote. Nimelitaka baadhi yenu hamjazaliwa. Ndiyo maana najua kuwa ndicho kitu pekee tulicho nacho ambacho Bwana Nassor hana. Tukishampa, tumempa."

Tuliulizana mmoja mmoja nani atakubali kuingia uwanjani siku ya fainali na kukaa chini bila kucheza. Kila aliyesema atakaa, alieleza atakula nini akifukuzwa, na wengine hawakujua. Mahadhi alikuwa wa mwisho. Alisema atakaa, lakini siku mkewe atakapouliza, atakayekwenda kumweleza ni mimi, nahodha. Nilikubali, na niwaambie kuwa katika ahadi zote nilizotoa maishani mwangu hiyo ndiyo niliyoiogopa zaidi.

Lazima mjue pia zilikuwa siku gani. Ulikuwa wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya Mwingereza. Ng'ambo ya maji, kisiwani Manda, watu wa bara walikuwa wamefungwa nyuma ya seng'enge kwa mambo ya siasa, na mashua zilizowapelekea chakula tuliziona. Watu wengi kukaa chini pamoja kwa makusudi, mbele ya wakubwa, kungeweza kupewa jina ambalo halihusiani na mpira. Tulilizungumza hilo. Tukakubaliana kwamba hatutapiga kelele, hatutabeba kitu, na hatutasema neno lolote isipokuwa jina la Kombo na mguu wake.

Siku ya fainali mji wote ulikuwa uwanjani. Watu walikuja kwa mashua kutoka Pate na Matondoni, wengine kwa punda, na wakubwa wa serikali waliwekewa viti chini ya turubai, kombe likiwa mezani mbele yao. Tuliingia tukiwa tumevaa nguo zetu za kuchezea, safi. Watu wa Langoni wakatushangilia. Tukatembea hadi kwenye goli langu, ambalo wavu wake nilikuwa nimeukagua asubuhi ile ile kwa mazoea tu, tukakaa chini mchangani. Bwana Famau akaja na mpira, akakaa nao mapajani.

Refa alipuliza kipenga. Akapuliza tena. Shangwe zikapungua, zikawa minong'ono, kisha watu wakaanza kuzomea. Askari mmoja wa Kizungu akatujia pamoja na karani wa kutafsiri. Akauliza ikiwa hii ni siasa.

"La," Bwana Famau akasema. "Ni mguu."

Karani akatafsiri, akaulizwa arudie, akarudia. Askari akatutazama miguu. Nadhani alitafuta aliyeumia. Nikamweleza habari za Kombo kwa maneno machache, naye akarudi kwenye turubai kuuliza la kufanya, na huko nako waliulizana. Mwisho wakaamua kuwa ni ugomvi wa tajiri na watu wake, na jua ni kali.

Aliyefuata alikuwa Aboud, nahodha wa Shela. Alichuchumaa mbele yangu akaniuliza kwa sauti ya chini kama tumewaogopa. Nikamwambia habari yote. Akasema yeye hakuja kukaa, na watu wake hawakuja kukaa, lakini amesikia. Akaondoka.

Kisha akaja Bwana Nassor mwenyewe, kanzu nyeupe, fimbo mkononi, akivuka uwanja watu wote wakimtazama. Sikufurahia kumwona hivyo. Alisimama mbele yetu akasema kwa sauti ya kusikika na walio karibu: tuinuke, tucheze, na mambo ya Kombo atayaangalia kesho.

Wengine walianza kuinuka. Nilimwona Mahadhi ameshaweka mkono chini. Bwana Famau hakuinuka.

"Yeo," akasema. Leo, kwa Kiamu cha kwao.

"Nimesema kesho, Famau. Mbele ya watu."

"Nimesikia. Mimi nasema yeo."

Bwana Nassor alitungoja. Mahadhi akauondoa mkono mchangani, akauweka gotini. Ndipo Bwana Nassor akageuka akarudi alikotoka, na ule mwendo wa kurudi ulikuwa mrefu kwake kuliko wa kuja. Refa akatazama saa, akapuliza kipenga cha mwisho, na kombe wakapewa Shela ambao hawakugusa mpira. Watu wa mtaa wetu wenyewe walitupigia mayowe tulipotoka. Waliotufahamu tangu zamani walituita wapenda pesa. Mtu mmoja alinirushia kumbi la nazi. Nikalidaka. Sikulitupa popote, nililiweka chini, nikaendelea kutembea.

Asubuhi yake ghala lilifungwa kwetu. Bwana Nassor alichukua watu wengine kutoka barabarani, na mabega yalikuwepo, kama nilivyosema. Lakini kupanga boriti si kubeba tu. Miti myembamba ikachanganywa na minene, mifupi ikafichwa katikati ya mirefu, na manahodha wa vyombo vilivyokuwa vikingoja mzigo wakakataa kuupokea. Mmoja wao, mtu wa Sur kule Omani, mwenye ulimi mkali, aliuliza kama Bwana Nassor ameanza kuuza kuni. Na kila alipoingia ghalani ilimbidi ampite Bi Zena, ambaye hakuhama. Aliiweka tanuri yake ya mofa mlangoni mwa ghala, akaoka, akauza, akamwamkia Bwana Nassor kwa heshima zote kila asubuhi. Mimi nilikuwa nikila mikate hiyo kwa mkopo. Bi Mwanaisha, mwenye nyumba wangu, alisema sasa nanuka unga, ni afadhali.

Niliitimiza na ahadi yangu kwa Mahadhi. Nilikwenda nyumbani kwake, mkewe akanisikiliza akiwa amempakata mtoto. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu, kama ingekuwa mguu wa Mahadhi tungekaa pia. Nikasema ndiyo. Akasema basi, karibu chai. Nilitoka pale nikiwa na nguvu za kukaa mwaka mzima.

Haikufika huko. Bwana Nassor alituita, mimi na Bwana Famau, na alikuwa amemwalika imamu wa msikiti wa mtaani awe shahidi. Hakukuwa na maneno mazuri. Alisema Kombo atakaa na chumba chake. Kazi yake itakuwa ya kukaa, kuhesabu na kukagua mizigo inayoshuka na kupanda. Na mtu wake yeyote atakayeumia, ghalani au uwanjani, ujira wake utatoka kila Alhamisi mpaka apone, kama anayefanya kazi. Bwana Famau alimwomba alirudie lile neno "uwanjani". Bwana Nassor akalirudia. Tukarudi kazini siku hiyo hiyo, na ilituchukua muda mrefu kuzitenganisha zile boriti. Lakini kulikosa kombe hakutusamehe. Nilipokwenda kwake safari nyingine, sahani zilikuwa zimerudi kidakani.

Kombo hakunena nami kwa muda. Alinijibu salamu na basi. Kisha asubuhi moja, akiwa amekaa kwenye kibao chake cha ukaguzi, mguu umenyooshwa, alinirudishia boriti niliyoipanga mahali pasipo pake, akaniambia nimekuwa mzembe. Nikajua tumepatana. Alikuja kuwa mkaguzi aliyeogopwa na manahodha wote wa vyombo, maana aliukagua mzigo kama alivyokuwa akiwachungulia mabeki, akitafuta pengo.

Watu wa Shela nao hawakustarehe. Kila walikokwenda, arusini, msikitini, sokoni, waliulizwa walishindaje fainali, wamekaa au wamesimama. Mwishowe Aboud akaja Amu kututafuta. Alimwambia Bwana Famau kwamba amechoka kutunza kombe ambalo hakulitolea jasho. Akapendekeza tulicheze Ras Kitau, ng'ambo ya Shela, mchangani, maji yakitoka, bila turubai wala wakubwa, na atakayeshinda aende nalo. Bwana Famau akamkubalia kabla hajamaliza kusema.

Tulicheza. Kombo alikaa kando ya mstari, akamfokea winga aliyeshika nafasi yake mpaka yule kijana akakimbia kuliko alivyojijua. Mahadhi alifunga bao kwa kichwa, bao lake la pekee katika maisha yote ya mpira. Shela wakarudisha. Mwisho Aboud mwenyewe alinijia, nikamtazama kiuno kama nilivyofundishwa, kiuno kikaniambia kulia, na mpira ulikwenda kulia, na nikaruka kulia, na haukufikika. Lilikuwa bao safi. Nimeliota mara nyingi na kila mara linaingia.

Baada ya mechi Aboud alilichukua kombe akampa Bwana Famau alishike. Mzee akalishika kwa mikono miwili, akaligeuza, akapitisha kidole penye ubonyeo wa ukingoni.

"Nalidhani ni zito," akasema.

Akamrudishia, akampa mkono, akatuambia tubebe mpira twende kabla maji hayajajaa. Hatukulishinda mwaka ule wala miaka iliyofuata. Bwana Famau aliendelea kutufundisha kwa ukali ule ule, akitutupia makumbi, mpaka macho yalipomkataza. Sikumsikia hata siku moja akisema anajuta, na mimi sijuti. Wala sikuacha kulitaka. Mchezaji asiyelitaka kombe msimsajili, atawachosha.

Kwa hiyo, mwanangu mshambuliaji, jibu langu ni hili. Usiwaulize watu wa Mombasa wanalipa kiasi gani, wala wana makombe mangapi. Hayo watakuambia wenyewe hata usipouliza. Waulize mchezaji wao wa mwisho kuvunjika yuko wapi sasa. Wakikuonyesha nyumba yake, nenda ukazungumze na mkewe, kisha uamue. Nasema hivi kwa sababu zamu yangu nayo ilifika.

Ilikuwa mechi ya kwetu Faza, mbele ya ndugu zangu, na mshambuliaji mmoja aliukanyaga mkono wangu juu ya mpira. Vidole vitatu vilivunjika, na kwa golikipa anayepanga boriti, hivyo ni kazi mbili kwa mpigo. Nilirudi Wiyoni nikajifungia. Nilikuwa nimeshaoa, mke wangu ana mimba ya kwanza, na nilikaa nikipiga hesabu za nani nitamkopa, nikisahau kabisa kwamba lile neno la uwanjani lilinihusu na mimi. Ahadi za matajiri husahauliwa zaidi na waliozipigania kwa ajili ya wengine.

Alhamisi, baada ya alasiri, mtu akabisha hodi. Mke wangu akafungua. Alikuwa Kombo, amelowa jasho, maana kutoka ghalani hadi Wiyoni ni mbali kwa mguu kama ule, na Bwana Nassor alikuwa na watu wengi wazima wa kuwatuma. Akaukataa mkeka, akasema akikaa hatainuka. Akaniwekea ujira wangu kwenye mkono mzima.

Nikaanza kumshukuru. Akanikatiza.

"Uhesabu," akasema. "Nina watu wengine wa kuwapelekea."

Akageuka, akaishika ile njia ya kurudi, viwiko vimebana mbavuni.